Omena kwa Mtoto wa Jirani

Kwanza nilishuku panya. Gunia langu la omena, wale dagaa wa ziwani, lilikaa nyuma ya mlango, juu ya kreti la soda, na kila niliporudi sokoni jioni nilikuta kamba yake imelegea na omena wachache wametapakaa sakafuni. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mabati, umepinda chini kiasi kwamba paka angepita bila kuinama. Nikanunua dawa ya panya, pakiti ndogo ya unga wa waridi, nikaiweka juu ya rafu nikingoja siku ya kuitega. Namshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Kabla sijaitega, mvua ilivunja soko mapema, nikarudi nyumbani na kuona miguu miwili myembamba imetokeza chini ya mlango wangu. Kiwiliwili kilikuwa ndani.

Nilimvuta polepole kwa kiuno. Mtoto akishikwa ghafla na mtu mgeni hulia. Huyu hakulia. Aliniangalia tu, mdomo umejaa omena wakavu, kidevu kimepakaa udongo mwekundu. Alikuwa binti wa nyumba ya pili, mjukuu wa mama mwenye ploti, yaani vyumba nilivyopanga.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kupanga Nyaramba, upande wa Nyamira. Mimi ni mtu wa ziwani, na biashara ya omena ndiyo iliyonipandisha huko juu kwenye baridi. Siku za soko niliuza pale pale Nyaramba, siku nyingine nikashuka na gunia mpaka Nyakoe, karibu na mji wa Kisii. Watu wa boma lile waliniita Omogere, yaani Mjaluo, na walilitamka neno hilo bila chuki na bila mapenzi, kama mtu anayetaja rangi ya shati. Lugha yao, Ekegusii, sikuijua. Tuliongea Kiswahili, wao cha shule, mimi cha sokoni, na palipokuwa na pengo tulipajaza kwa kutazamana kwa mashaka.

Familia yenyewe haikuwa kubwa. Kulikuwa na nyanya, ambaye watoto walimwita magokoro, macho yake yamepata ukungu. Kulikuwa na mwanawe, aliyeendesha bodaboda pale senta, penye maduka. Mke wa huyo mwanawe alichuma majani chai tangu alfajiri, yao na ya majirani. Wavulana wao wawili walikuwa shule. Halafu huyu binti.

Nilimkisia miaka miwili. Siku moja nilipomuuliza mama yake, akasema, "Amemaliza minne."

Sikumwamini. Nilikuwa na mwanangu niliyemwacha kwa mama yangu ziwani, hajafika hata minne, na yeye angeweza kukutukana kwa lugha mbili na kukukimbia kabla hujavua kiatu. Binti huyu alikuwa na maneno machache na aliyatumia kwa ubahili. Hakukimbiza kuku. Watoto wa jirani walipocheza kalongo, ule mchezo wa kupikapika, yeye alikaa chini akiegemea ukuta wa jiko, na nywele zake zilikuwa na rangi ya ndevu za mahindi makavu. Nilidhani mwanamke yule ananidanganya kuhusu umri, ila sikuelewa kwa nini mtu adanganye jambo kama hilo.

Ndipo nikaona ule ukuta. Pale alipozoea kukaa palikuwa na shimo kwenye udongo, laini kama limelambwa na ndama, na lilikuwa kwenye kimo cha mdomo wake.

Ukitoka Kisii kwenda Nyamira ukiangalia nje, utaapa kwamba watu wa huko hawajui njaa. Mimi niliapa hivyo. Kwetu jua likikaza, mtu anaona njaa yake kwa macho, iko pale shambani imesimama. Huku kila kitu ni kijani. Lakini nilipoanza kuchunguza boma lile, kwa sababu sasa nilikuwa nachunguza, niliona kwamba kijani chenyewe hakiliwi. Majani chai yalifika mpaka mlangoni. Nyuma ya choo kulikuwa na migomba, na mikungu mizuri ilipakiwa kwenye pikapu ya mnunuzi. Ng'ombe alikuwepo: maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye dairi na ya jioni yalikwenda kwenye hoteli ya senta. Mayai yalikwenda dukani. Kilichobaki nyumbani kilikuwa ugali, sukuma wiki kidogo, na chai ya rangi yenye sukari. Mchana magokoro alimpa mtoto kiporo cha ugali na kikombe cha chai hiyo. Jioni alikula sinia moja na kaka zake, na kaka zake walikuwa na mikono ya haraka.

Hawakuwa watu wabaya, tena hawakuwa wavivu. Baba yake aliniambia siku moja, akionyesha chai yake kwa kidevu, "Hii ndiyo inasomesha." Ilikuwa kweli.

Nikaanza kumlisha. Nilichambua omena, nikaosha kwa maji ya moto, nikakaanga na nyanya mpaka ukanyamaza ule ukali wao, nikaponda na ugali laini kwenye kibakuli. Alikula kimya, bila kuinua macho, kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili aliuweka juu ya bakuli kama kifuniko. Nilipotoka sokoni nikiwa nimechelewa nilimkuta ameketi mlangoni kwangu. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia ni jambo dogo, halihitaji matangazo. Lakini pia nilijua vizuri kwamba mgeni anayelisha mtoto wa watu kimya kimya hana maneno mazuri ya kujitetea.

Siku tuliyogunduliwa, mama yake alikuwa anapita na kikapu cha chai mgongoni. Mtoto alinyoosha bakuli lake tupu kwangu na kusema, waziwazi kuliko nilivyowahi kumsikia, "Baba."

Nikacheka. Nilidhani amenigeuza mwanamume. Mama yake hakucheka. Aliteremsha kikapu chini.

"Unajua amekuita nini?"

"Baba."

"Kwetu baba ni mama," alisema. "Amekuita mama yake."

Alilichukua bakuli, akalinusa. Kisha akaingia chumbani kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akanusa tena.

"Umempatia hii tangu lini?"

"Wiki chache, mama. Ni omena tu."

"Sisi ni watu wa Sabato, samaki asiye na magamba hatuli. Hawa samaki wana magamba?"

Nilichukua omena mmoja kutoka kwenye gunia, nikamkwangua kwa ukucha, nikamwonyesha kile kivumbi kinachong'aa. Alikitazama kwenye mwanga. Nadhani aliamini magamba. Mimi hakuniamini.

"Onja," akasema.

Nikaonja mbele yake, nikameza.

"Kwa nini unalisha mtoto wangu? Amekuja kuomba?"

Ningesema ndiyo, ningemtia aibu. Ningesema hapana, ningejitia hatiani. Nikasema, "Nina wa kwangu mbali. Huyu ananikumbusha."

"Basi nenda ukalishe wako." Alimwinua mtoto kwa mkono mmoja, kirahisi mno. "Usimpatie wangu kitu tena. Watu wanaongea."

Nikaacha. Asubuhi nilipotoka nilifunga mlango na kuziba lile pengo la chini kwa jiwe. Mtoto aliendelea kuja kuketi pale kwa siku kadhaa, kisha akarudi kwenye ukuta wake.

Halafu akaanza kunenepa.

Sikuweza kueleza. Mashavu yalijaa, miguu ikawa ya mviringo, na mama yake akanipita uani ameinua shingo, kana kwamba anasema: unaona, hatukukuhitaji. Magokoro alimpapasa mjukuu kwa vidole vyake vya kuonea na kusifu Mungu. Mimi nilikuwa na wasiwasi, nikadhani ni wivu. Mtoto aliyenenepa alikuwa amezidi kuwa mzito wa kila kitu. Hakutaka kusimama. Nzi alitua kwenye kona ya jicho lake na yeye akamwacha.

Ngozi ya mapajani ilipoanza kubanduka kama rangi ya ukuta mbovu, wakaja kwangu.

Ilikuwa Jumapili, nilikuwa nimetoka misa. Baba yake alisimama mlangoni akiwa bado amevaa koti lake la bodaboda, na nyuma yake kulikuwa na waendesha boda wenzake wawili na majirani wengine ambao sikuwa nimewahi hata kusalimiana nao. Mama yake alibaki uani, mtoto mgongoni.

"Ulimpatia nini mtoto?" akauliza baba.

"Omena. Na niliacha, mkeo anajua."

"Uliacha halafu akavimba."

Wakaingia kupekua. Hawakuhitaji kwenda mbali. Mmoja wao alipandisha mkono juu ya rafu na kushuka na ile pakiti ya waridi.

"Ni ya panya," nilisema. "Nilidhani nina panya. Angalieni, haijafunguliwa."

"Unaweza kuwa umefungua nyingine," akasema baba, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyonitisha.

Mtu mmoja nyuma alisema jambo kwa Ekegusii na wengine wakaitikia. Sikuelewa maneno ila nilielewa miili yao, jinsi walivyoziba mlango. Wa kuniokoa alikuwa magokoro. Alikuja akipapasa ukuta, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Mpelekeni hospitali na huyu Omogere aende pamoja. Daktari ataje sumu. Akishataja, ndiyo mtajua la kufanya."

Basi nikapelekwa kwenye kituo cha afya kama ushahidi. Nilipanda pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kunilinda, na baba wa mtoto mbele yetu na mkewe na binti. Pakiti ilikuwa mfukoni mwa baba.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, amevaa sweta juu ya sare. Baba aliweka pakiti mezani kabla ya salamu. "Sista, tunataka kujua kama ni hii."

Muuguzi aliigeuza, akairudisha. "Hii haijafunguliwa. Na aliyekula hii hanenepi." Alimvua mtoto viatu, akabonyeza kidole gumba juu ya mguu, akakiinua. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akabonyeza mguu wa pili, likabaki. Akaangalia nywele, akafunua kope la chini.

"Anakula nini huyu?"

"Anakula kila kitu," mama akajibu.

"Jana amekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Mama alimtazama mumewe. "Na chai."

"Juzi?"

Watu kwenye benchi la kungojea walikuwa wameacha mazungumzo yao.

"Sista," baba akasema, "sisi tunauliza sumu."

"Hakuna sumu. Mwili huu unakosa chakula cha kujenga. Haya ni maji, si mafuta. Kwa lugha rahisi, huyu mtoto ana njaa, na ameanza kuwa nayo zamani."

Mwanamke mmoja kwenye benchi aliguna. Sikuwahi kuona neno likimpiga mtu mzima kama lile lilivyompiga baba yule. Alisimama.

"Njaa? Mimi niko na shamba. Niko na ng'ombe. Njaa iko Turkana!"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa kwenye kona yangu ya mtuhumiwa, kwa nini ile pakiti ilikuwa imewafaa sana. Mtoto akilishwa sumu, mwovu ni mtu mwingine. Mtoto akiwa na njaa katikati ya migomba, mlango wa kubisha ni wako mwenyewe. Baba yule alikuwa tayari kuwa na adui. Hakuwa tayari kuwa maskini mbele ya watu.

Hakumwamini muuguzi. Alidai barua ya kwenda hospitali kubwa ya Kisii, akitumaini huko wenye mashine watataja sumu. Muuguzi aliandika haraka, nadhani alikuwa anataka mtoto aende kokote mradi alazwe. Huko Kisii waliambiwa maneno yale yale na mtoto akalazwa siku hiyo hiyo. Mimi waliniacha kituoni bila kuniambia kama niko huru. Nilirudi Nyaramba kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikipita watu walionitazama. Pakiti ile sikuiona tena na sikuiulizia.

Siku niliyoteremka Nyakoe na mzigo, miguu yangu ilinipeleka mpaka hospitali. Sijui nilitaka nini hasa. Labda nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba hafi, maana angekufa mimi ningemalizwa. Nilimkuta mama yake ameketi kando ya kitanda, amekonda, akimnywesha mtoto maziwa ya dawa kwa kikombe. Ule uvimbe ulikuwa umeshuka na chini yake kulikuwa na mtoto mdogo kuliko yule niliyemvuta mlangoni. Mifupa na macho.

Hakushangaa kuniona.

"Wananisimamia nikimpatia," alisema, akionyesha wauguzi kwa macho. "Wanafikiri nitakunywa mimi. Wananiangalia kama mwizi."

"Pole, mama."

"Ulihisi hivi tulipokupekua?"

"Nilihisi."

Alipangusa kidevu cha mtoto. Kisha akasema bila kuniangalia, "Ningependa iwe ni wewe. Kama ingekuwa ni wewe, ningekuchukia, iishe. Sasa ikiwa ni mimi, nifanye nini?"

Nilikaa naye mpaka muda wa wageni ulipoisha. Nilikuwa nimebeba ndizi mbivu kwenye mfuko lakini sikuzitoa. Nikarudi nazo.

Walirudi nyumbani na pakiti za siagi ya karanga za kumpa mtoto kila siku. Majirani walisema hospitali imemnyonya, kwani si alikwenda mnene? Na mimi, ambaye nilidhani nimepona ugonjwa wa kushuku, nilianza upya. Niliokota maganda ya pakiti zile katikati ya mistari ya chai, mbali na alipoweza kufika mtoto, yamelambwa yakawa safi. Nilimngoja mama yake kwenye bomba la maji nikamwonyesha.

"Ni wavulana," akasema. "Unataka nipatie mmoja na wengine wamwangalie? Wewe ungeweza?"

Nilifikiri juu ya hilo. Sikusema ningeweza.

Alichofanya baadaye alikifanya peke yake na kwa siri. Alimwambia mumewe kwamba ng'ombe amepunguza maziwa ya jioni. Ng'ombe hakuwa amepunguza chochote. Sufuria ilijificha nyuma ya kuni, na watoto wote watatu walikunywa kabla baba hajarudi. Chini ya migomba akapanda maharagwe, na mboga za saga na managu kando ya jiko, akisema ni kuzuia udongo usioshwe na mvua. Mumewe aliona mtungi wa hoteli haujai na akaanza kunitazama mimi: alishuku mkewe ananiuzia maziwa chini chini. Mara mbili alipita dirishani kwangu akinusa kama kuna chai nyeupe. Sikumsaidia kuujua ukweli. Kila mtu katika boma lile alikuwa anamlinda mtoto dhidi ya mwingine.

Mtoto alisimama tena. Alijifunza kukimbiza kuku na, jambo lililonifurahisha kuliko yote, alijifunza kulia kwa sauti akinyang'anywa. Lakini kimo kilibaki nyuma. Siku ya kuandikishwa gredi ya kwanza mama yake aliniomba niende naye, "kwa sababu wewe ulikuwepo." Mwalimu alimtazama mtoto, akatazama cheti cha kuzaliwa, akamtazama mtoto tena.

"Mama, huyu ni wa chekechea. Hiki cheti ni cha dada yake?"

"Ni chake."

"Watu wanaongeza watoto miaka ili waende shule mapema."

Niliona shingo ya mama ikikaza na nikangoja agombe. Hakugomba. Alisema, kwa Kiswahili na si Ekegusii, pengine ili lisikike kama jambo la ofisini, "Mwalimu, alikosa chakula akiwa mdogo. Alilazwa Kisii. Hakukua, lakini miaka ni yake." Wazazi wengine kwenye foleni walisikia. Mwalimu aliandika jina bila kuinua kichwa.

Mpaka leo ninapanga pale. Binti huyo anaketi dawati la mbele na wenzake wanamwita kadogo. Herufi zinamchelewa. Ukimuuliza jambo, kuna kimya kidogo kabla ya jibu, na katika kimya hicho mimi huwa naona ule ukuta wa jiko na sufuria ya chai ya rangi. Daktari mmoja aliniambia kuna miaka ya mwanzo ambayo ikipita hairudi. Mwingine akasema atawafikia wenzake, nisiwe na haraka. Sijui nimwamini yupi, na labda kimya hicho ni tabia yake tu, kama ya magokoro. Nimemchukua mwanangu kutoka ziwani, anaishi nami, na wakati mwingine namkagua miguu akiwa amelala.

Wiki iliyopita binti alikuja uani na kijiti, akachora jina lake chini kwenye udongo mwororo, ulimi nje, mgongo umeinama. Mama yake alikuja kutazama. Aliniuliza kama ni sawa.

"Ni sawa," nikasema. "Herufi moja tu imeangalia upande mwingine."

Alipima maneno yangu jinsi anavyopima kila kitu kinachotoka kwangu. Kisha akaenda kumwita mvulana wake mkubwa aje athibitishe.